Nguvu Ndogo Kati ya Tabaka za Kinywe

Kinywe cha Mahenge, cha Ruangwa na cha ng'ambo ya Ruvuma kule Balama, Msumbiji, kinazungumzwa siku hizi kwa tani, kwa bei na kwa betri za magari. Wanafizikia wana habari nyingine nacho. Ukikipoza na kukitia ndani ya uga wa sumaku, kinywe hufanya mambo ambayo shaba na dhahabu haziwezi kuyafanya hata kwenye sumaku yenye nguvu kuliko zote tulizo nazo. Maabara zimekipima tangu miaka ya 1950, na hadi leo bado kinatoa habari mpya.

Wengi waliosikia kuhusu grafini, lile tabaka moja la kaboni lililowapa Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester Tuzo ya Nobel mwaka 2010, hudhani kinywe ni grafini nyingi zilizolaliana, basi. Dhana hiyo ndiyo ninayotaka kuipinga. Ndani ya uga wa sumaku, kinywe hakitawaliwi na kilichomo ndani ya tabaka. Kinatawaliwa na mawasiliano hafifu kati ya tabaka moja na jingine, na yaliyo hafifu kuliko yote ndiyo yenye kauli ya mwisho.

Tuanze na vipimo. Ndani ya tabaka, atomi za kaboni zimeshikana kwa maumbo ya pembesita, na kutoka atomi moja hadi jirani yake ni nanomita 0.142. Kutoka tabaka hadi tabaka ni nanomita 0.335, zaidi ya maradufu. Nishati inayoiwezesha elektroni kuhama kutoka atomi hadi atomi ndani ya tabaka ni elektronivolti 3 na ushei. Kuhamia tabaka la jirani ni karibu elektronivolti 0.4. Halafu kuna njia ya tatu. Katika mpangilio wa kawaida wa kinywe, tabaka la tatu hukaa sawasawa juu ya la kwanza, na elektroni inaweza kuruka kutoka la kwanza hadi la tatu, umbali wa nanomita 0.67, ikilivuka tabaka la katikati. Nishati ya mruko huo ni milielektronivolti 20 hivi, yaani ndogo mara 150 kuliko ile ya ndani ya tabaka. Wataalamu huiita gama mbili.

Mtu anayefanya hesabu kwa haraka angeitupa namba hiyo. Philip Wallace, aliyekokotoa nishati za elektroni za kinywe mwaka 1947, alipata picha nzuri kwa kushughulika na tabaka moja moja. Ila katika picha hiyo bendi ya chini iliyojaa elektroni na bendi ya juu iliyo tupu hugusana tu, na kwenye baridi kali hakuna elektroni iliyo huru kubeba mkondo. Joel McClure, na baadaye John Slonczewski na Philip Weiss, walipoingiza mawasiliano ya tabaka katika hesabu mwishoni mwa miaka ya 1950, gama mbili ilizisukuma zile bendi mbili zikapishana kwa milielektronivolti 40 hivi. Elektroni chache zikamwagikia bendi ya juu na kuacha nyuma yake matundu, yaani nafasi zilizo wazi ambazo huenenda kama chembe zenye chaji chanya. Kwenye baridi ya heliamu kimiminika, kila sentimita ya ujazo ya kinywe safi ina elektroni huru trilioni milioni 3 hivi, na matundu idadi hiyo hiyo. Zinaonekana nyingi, lakini shaba ina elektroni huru mara 28,000 zaidi ya hizo. Kwa hiyo kinywe ni nusu-metali: kinapitisha umeme kwa watumishi wachache sana, wa chaji mbili zilizo sawa kwa idadi, na wote wamezaliwa na namba ile ndogo.

Uchache na usawa huo ndio unaokifanya kinywe kiitike sumaku kwa namna ya pekee. Kipimo chenyewe si kigumu kukieleza. Unachukua kipande chembamba cha kinywe, urefu wa milimita chache, na kukibandika nyaya nne za dhahabu kwa gundi ya fedha. Mbili za pembeni zinapitisha mkondo na mbili za ndani zinasoma volti. Kipande kinashushwa ndani ya heliamu kwenye kelvini 4.2, katikati ya sumaku, uga ukielekezwa wima kwa tabaka. Kisha unaongeza uga polepole na kutazama ukinzani.

Kwanza unapanda, na unapanda kweli kweli. Katika metali ya kawaida yenye aina moja ya chaji, uga wa sumaku unaisukuma chaji pembeni, chaji zinajikusanya ukingoni, volti ya Hall inajengeka na kuusawazisha msukumo, na ukinzani haubadiliki sana. Katika kinywe, elektroni na matundu husukumwa upande mmoja kwa pamoja, chaji zao zinafutana, na volti ya kusawazisha haijengeki. Matokeo yake ni kwamba ukinzani huongezeka kwa mraba wa zao la uga na wepesi wa chembe, yaani urahisi wake wa kusukumwa na umeme. Wepesi huo kwenye joto la chumbani ni karibu 1, kwa kipimo cha mita za mraba kwa volti-sekunde, na kwenye heliamu kimiminika, kwa kinywe kizuri, unakaribia 100. Weka uga wa tesla 0.1, ambao si mkubwa hata kidogo kwa kuwa sumaku ya mashine ya MRI hospitalini huwa na tesla 1.5 au 3. Chumbani ukinzani utaongezeka kwa asilimia moja hivi. Kwenye heliamu unaweza kuongezeka mara mia.

Hesabu hii ya darasani ilikuja kuwa kiini cha mabishano makali. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, Yakov Kopelevich wa Campinas, Brazili, na wenzake walionesha kwamba bila sumaku ukinzani wa kinywe hupungua kinapopozwa, kama metali yoyote, ila ukiweka uga mdogo tu wa kama tesla 0.1 hali inageuka: kadiri unavyokipoza ndivyo ukinzani unavyopanda, kama vile kimekuwa kihami. Walipendekeza sababu za kusisimua, ikiwemo elektroni kujipanga upya kwa pamoja na hata dalili za upitishaji umeme bila ukinzani. Mwaka 2005 Xu Du na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida walijibu kwamba hakuna haja ya kwenda mbali hivyo. Ongezeko la ukinzani linapokuwa kubwa, ukinzani wenyewe hufuata wepesi ukigawanywa kwa idadi ya chembe. Ukipoza, wepesi unapanda na idadi inashuka, na vyote viwili vinausukuma ukinzani juu. Hicho kinachoonekana kama kihami ni metali safi mno yenye chembe chache mno. Bismathi, nusu-metali nyingine, inafanya vivyo hivyo.

Nasimama upande wa Florida katika hili, na si kwa sababu majibu mepesi yananipendeza. Ni kwa sababu jibu lao linatabiri tabia ya vipande tofauti kwa kutumia namba zilizopimwa kwa njia nyingine. Hata hivyo wale wa Campinas walikuwa na mchango wa kweli: waliwalazimisha watu warudi kwenye kinywe wakati ambapo wengi walidhani kitabu chake kimefungwa.

Ukiendelea kupandisha uga, mstari wa ukinzani unaanza kupanda na kushuka kwa mawimbi. Lev Shubnikov na Wander de Haas waliyaona mawimbi hayo kwa mara ya kwanza Leiden, Uholanzi, mwaka 1930, katika bismathi. (Shubnikov alirudi Umoja wa Kisovieti, akajenga maabara ya baridi kali huko Kharkov, na mwaka 1937 akauawa na utawala wa Stalin akiwa na umri wa miaka 36. Kila anayesoma mawimbi haya anatumia kazi yake.) Mwaka huo huo wa 1930 Lev Landau alitoa hesabu inayosaidia kueleza kwa nini yanakuwapo. Ndani ya uga, elektroni inazunguka, na sheria za kwantamu haziruhusu kila mzunguko. Mkwezi wa mnazi hukanyaga kwenye vipandio vilivyochongwa shinani, na katikati ya kipandio na kipandio hana pa kuweka mguu. Elektroni nayo ina ngazi zake za nishati, na uga unapokua ngazi hizo zinaachana zaidi na zaidi. Kila ngazi inapopanda na kuvuka nishati ya juu kabisa ya elektroni, ukinzani hutikisika mara moja.

Hapa uchache wa chembe unazaa jambo kubwa. Kwa kuwa elektroni za kinywe ni chache, nazo ni nyepesi, na uzito wake ndani ya kinywe ni chini ya asilimia 6 ya uzito wa elektroni huru, ngazi hizo zinaachana haraka na kuisha haraka. Ukifika karibu tesla 7 au 8, ngazi zote za juu zimekwisha kutupwa nje na elektroni zote pamoja na matundu yote yamesongamana kwenye zile mbili za chini kabisa. Hali hiyo inaitwa kikomo cha kwantamu. Ili kuifikisha shaba hapo ungehitaji makumi ya maelfu ya tesla, wakati sumaku zenye nguvu zaidi za uga usiokatika huishia kwenye tesla 45 hivi.

Elektroni iliyofikia kikomo hicho haina uhuru wa kwenda popote ndani ya tabaka, kwa kuwa mzunguko umeifunga. Uhuru uliobaki ni wa kusafiri kuelekea upande wa uga tu, yaani kuvuka tabaka. Kinywe, ambacho kwa mazoea tunakiona ni kitu cha tabaka bapa, kinageuka kuwa kitu cha mstari, na mstari wenyewe unapita mle mle kwenye mawasiliano hafifu. Na elektroni za mstari huwa hazitulii: msukumano mdogo tu kati yake unatosha kuzifanya zijipange kwa mawimbi ya msongamano. Mwaka 1981 kikundi cha Sei-ichi Tanuma cha Japani kiliona ukinzani wa kinywe ukiruka ghafla kwenye baridi kali na uga wa zaidi ya tesla 20. Daijiro Yoshioka na Hidetoshi Fukuyama wakatoa nadharia mwaka huo huo kwamba ni wimbi la msongamano wa chaji. Mwaka 1998 Hiroshi Yaguchi na John Singleton walionesha kwamba hali hiyo inakoma kwenye tesla 53 hivi. Wengi wakadhani hadithi imeishia hapo. Mwaka 2013 Benoît Fauqué na wenzake wakaenda hadi tesla 80 huko Toulouse, kwa sumaku inayowaka kwa sehemu ndogo ya sekunde tu kwa sababu waya wake hauwezi kustahimili zaidi, na wakakuta hali ya pili iliyojipanga, inayokoma karibu na tesla 75. Jambo lililonigusa zaidi katika kazi hiyo ni kwamba umeme unaovuka tabaka ulikuwa umezuiwa na pengo la nishati kama katika kihami, huku umeme unaopita ndani ya tabaka ukiendelea kama katika metali. Wao wenyewe walipendekeza kwamba huenda mkondo ulikuwa unapita kwenye kingo za kipande. Swali hilo ni gumu na ni zuri.

Lazima nirudi nyuma kidogo, kwa sababu namba ile ndogo ina kisa kinachostahili nafasi. Kwa takriban miaka kumi, jumuiya nzima ya wataalamu wa kinywe ilikuwa na alama yake kinyume. Vipimo vya mawimbi ya Shubnikov vinakuambia idadi ya chembe katika kila kundi, lakini peke yake haviwezi kukuambia kundi lipi ni la elektroni na lipi la matundu. Mwaka 1968 Paul Schroeder, Mildred Dresselhaus na Ali Javan walitumia mwanga wa leza unaozunguka kulia au kushoto. Elektroni ndani ya uga huzunguka upande mmoja na tundu upande wa pili, kwa hiyo kila moja hunyonya mwanga unaozunguka upande wake. Jibu lilitoka kinyume cha vitabu: palipoandikwa elektroni palikuwa na matundu, na palipoandikwa matundu palikuwa na elektroni. Gama mbili ilikuwa hasi, si chanya. Makala nyingi zilibidi zisomwe upya.

Dresselhaus, binti wa wahamiaji aliyekulia mitaa ya kimaskini ya New York, alieleza baadaye kwamba alichagua kaboni kwa sehemu fulani kwa sababu watu waliokuwa wakiishughulikia walikuwa wachache. Alikuwa mama wa watoto wanne wadogo na hakutaka uwanja ambao kukosa wiki moja kungemwondoa mashindanoni. Alifanya kazi Massachusetts hadi alipofariki mwaka 2017, na sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu kinywe na kampaundi zake ilipita mikononi mwake na mwa mumewe, Gene.

Hizo kampaundi ndizo ushahidi wangu mkubwa. Tabaka za kinywe zimeshikana kwa nguvu ndogo, hivyo atomi nyingine zinaweza kupenyezwa katikati yake. Potasiamu ikijaa kila nafasi, kila atomi nane za kaboni kwa moja ya potasiamu, kinywe cheusi kinageuka rangi ya shaba nyekundu yenye kumetameta, na nafasi kati ya tabaka inapanuka kutoka nanomita 0.335 hadi 0.535. Zikipenyezwa kwa kuruka tabaka, baada ya kila mbili au tatu, mpangilio nao unakuwa wa kawaida kabisa, na wataalamu huuhesabu kwa hatua: hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ndani ya betri ya simu unayoichaji usiku hutokea hilo hilo: lithiamu inaingia hatua kwa hatua hadi kufikia atomi moja kwa kila sita za kaboni, na kinywe kikijaa kinapata rangi ya dhahabu.

Kwenye sumaku, kampaundi hizi ni viumbe vingine kabisa. Potasiamu huitolea kaboni elektroni yake, na mahali palipokuwa na elektroni moja kwa makumi ya maelfu ya atomi, sasa zimejaa tele. Matundu yanatoweka, usawa unavunjika, na lile ongezeko kubwa la ukinzani linatoweka pamoja nao. Mawimbi ya Shubnikov yanabaki, ila masafa yake, ambayo katika kinywe safi ni tesla 5 na 6 hivi, yanapanda hadi mamia na hata kupita elfu, na kikomo cha kwantamu kinakimbilia mbali kusikofikika. Nazo chembe zilizopenyezwa zinakata njia ile ya kutoka tabaka la kwanza hadi la tatu. Gama mbili inakufa. Katika kampaundi ya pentafloridi ya aseniki, umeme ndani ya tabaka unapita kwa urahisi unaokaribia ule wa shaba, huku kuvuka tabaka kukiwa kugumu zaidi ya mara milioni. Potasiamu inafanya kinyume: inarahisisha kuvuka. Kaboni ni ile ile na tabaka ni zile zile. Kilichobadilika ni kilicho katikati.

Hata upitishaji umeme bila ukinzani unafuata kanuni hiyo. Kampaundi ya kalsiamu, iliyotangazwa mwaka 2005, huupata kwenye kelvini 11.5, wakati ile ya potasiamu, iliyojulikana tangu 1965, huhitaji baridi ya chini ya kelvini 1. Kikundi cha Cambridge na London kiligundua kwamba zinazofaulu ni zile ambazo elektroni zake zinaishi pia katika nafasi iliyo kati ya tabaka. Nayo kampaundi ya yuropiamu ina sumaku ndogo katika kila atomi iliyopenyezwa, zilizojipanga kwa pembetatu. Chini ya kelvini 40 zinapingana. Ukiweka uga sambamba na tabaka, kuanzia karibu tesla 1.6 hadi 6.4, kila mbili zinaelekea upande wa uga na ya tatu inabaki kinyume, na usumaku unaganda kwenye theluthi moja ya uwezo wake wote. Ukinzani unazifuata hatua hizo moja baada ya nyingine, kwa sababu elektroni za kaboni zinazobeba mkondo ndizo zinazopeleka habari kati ya sumaku hizo.

Anayebaki na wasiwasi kwamba tabaka ndilo mtawala asome kazi ya Jun Yin na wenzake wa Manchester ya mwaka 2019. Walichukua kinywe chembamba, chenye tabaka hadi mamia, na wakaona athari ya Hall ya kikwantamu, yaani volti ya Hall inayopanda kwa hatua badala ya mfululizo, ile ambayo vitabu vinasema haiwezekani katika kitu kinene. Maelezo yake yanatokana na ule mstari niliousema. Kwenye uga mkubwa elektroni inasafiri kwa kuvuka tabaka tu, inagonga uso wa juu na wa chini, na kuunda mawimbi yaliyosimama yenye nishati maalumu. Kisha wakakuta kwamba vipande vyenye tabaka za idadi shufwa vinatofautiana waziwazi na vyenye idadi witiri. Kwa kipande cha tabaka nyingi hivyo, kuongeza moja tu kunabadilisha umeme wake, kwa kuwa kunavunja ulinganifu wa kipande kizima.

Nalisema hili kwa kuwa lina kazi hapa kwetu, na wala halihitaji tesla 80. Wataalamu wa kaboni wa Japani wametumia kwa miongo kipimo rahisi cha ubora: ongezeko la ukinzani kwenye kelvini 77, joto la nitrojeni kimiminika, ndani ya uga wa tesla 1. Kwenye joto hilo wepesi wa chembe katika kinywe kizuri ni kama 7, kwa hiyo ukinzani unaweza kupanda karibu mara hamsini. Kasoro zikiwa nyingi, ongezeko linashuka sana. Na katika kaboni ambayo tabaka zake zimekaa ovyo, moja haijui jingine limeelekea wapi, ukinzani haupandi kabisa, bali hupungua uga unapowekwa. Sumaku ya umeme ya tesla 1, chupa ya nitrojeni, nyaya nne na kipimavolti kizuri viko ndani ya uwezo wa idara ya fizikia ya chuo kikuu. Leo kinywe chetu kinauzwa kwa ukubwa wa chembe na kwa asilimia ya kaboni. Vipimo hivyo viwili havisemi lolote kuhusu jinsi tabaka la tatu lilivyokaa juu ya la kwanza, na kipande cha Mahenge kikiwekwa ndani ya sumaku hiyo kitalisema ndani ya saa moja.